Reli Ikikata Njia ya Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Hindi, Mokowe na Kililana

Ukurasa huu ni wa watu wa Lamu upande wa bara: Mokowe, Hindi, Kililana, Magogoni, Bargoni, na yeyote ambaye shamba, kisima, diko (pwani wanaposhukia wavuvi) au shule ya watoto wake iko ng'ambo ya pale panapotajwa kupitishwa reli ya LAPSSET, mradi wa uchukuzi wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Maswali yamewekwa jinsi yanavyoulizwa barazani na jetini, pamoja na yale ya hasira. Majibu hayachukui nafasi ya wakili. Vifungu vya sheria vimetajwa ili ukienda afisi ya kaunti au kwa wakili usiende mikono mitupu.

Reli yenyewe iko wapi? Mbona hatuioni?

Haipo bado. Mradi wa LAPSSET ulizinduliwa hapa Lamu tarehe 2 Machi 2012, mbele ya Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Ndani ya mpango mlikuwa na bandari, barabara, mabomba ya mafuta, viwanja vya ndege, na reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo, kisha igawanyike, tawi moja liende Juba na jingine Addis Ababa. Bandari imeshaanza kazi. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Reli upande huu haijatandikwa hata mita moja.

Basi si tungoje ije, ndipo tuseme?

Mkingoja mtachelewa. Njia ya miguu huokolewa wakati mstari wa reli ungali kwenye karatasi. Mchoro ukishapitishwa, mkandarasi akishapewa kazi na tuta likishainuliwa, kuomba kivuko kiongezwe ni kuomba mkataba ubadilishwe na fedha zitafutwe upya. Hapo mtajibiwa kwa adabu sana na hamtapata kitu.

Kumbukeni pia kwamba kilichopangwa ni ukanda wa mita 500 kwa upana, ambamo barabara, reli, mabomba na nyaya za umeme vinatarajiwa kwenda sambamba. Mtu anayevuka hatavuka pau mbili za chuma. Atavuka barabara kuu, kisha reli, kisha kitu kingine. Kila kimoja kina wahandisi wake, na kila mhandisi atakwambia kivuko cha mwenzake kinatosha.

Babu yangu alifanya kazi relini Mombasa, na watu walikuwa wakikatiza popote. Kwa nini hii iwe tofauti?

Babu anasema kweli, ila anazungumzia reli nyingine. Ile ya Mwingereza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika ziwani, Kisumu, mwaka 1901. Gari lilikwenda polepole, njia ilikuwa karibu sawa na ardhi, na watu waliivuka kama wanavyovuka barabara.

Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ni habari nyingine. Imeinuliwa juu ya tuta kwa masafa marefu, imezungushiwa ua, na treni ya abiria hufika kilomita 120 kwa saa. Anayetaka kuona reli hufanya nini kwa njia za miguu asiende mbali. Apande matatu hadi Mariakani, hapo Kilifi, au Samburu ya Kwale, asimame kando ya ua, atazame watu wanavyozunguka kutafuta tundu la kupitia.

Kwa nini wahandisi hawaachi njia pale pale ilipo?

Sababu zao zipo na nyingine ni za haki. Ni vizuri kuzijua, maana mkizijua mtajua ipi ya kukubali na ipi ya kuhoji.

Ya kwanza ni macho. Treni ikienda kilomita 120 kwa saa inakata mita 33 kila sekunde. Mtu mzima anayetembea kawaida huchukua kama sekunde 10 kuvuka mita 12 za reli na kingo zake. Katika sekunde hizo treni imeshakula zaidi ya mita 330. Sasa mchukue bi mkubwa mwenye kuni kichwani, au mtoto anayemvuta mbuzi: wao watahitaji sekunde 20, na treni itakuwa imekuja mita 660 na zaidi. Kama njia yenu inakutana na reli kwenye kona au nyuma ya kichaka, anayevuka hawezi kuiona treni kwa umbali huo. Dereva naye, hata akimwona, hawezi kusimama. Treni nzito iliyoshika mwendo huhitaji kilomita nzima au zaidi. Hapo mhandisi akisema njia isogezwe, anasema kweli.

Ya pili ni kimo. Kivuko cha chini kinataka tuta liwe juu vya kutosha mtu kupita bila kuinama. Mahali tuta ni fupi, ama achimbe, ama asogee hadi pale lilipo refu.

Ya tatu ni pesa, nayo ndiyo husemwa kwa sauti ya chini. Njia tano zikikusanywa kwenye kivuko kimoja, vivuko vinne havijengwi. Mkiambiwa njia inahamishwa «kwa usalama», ulizeni: ni usalama wa hapa, au ni kuunganisha vivuko? Anayejibu aoneshe kwenye mchoro kona iko wapi, tuta lina kimo gani, na njia ngapi zimeunganishwa. Kama hana kona wala kimo cha kuonesha, basi sababu ni ile ya tatu, na pesa hujadiliwa.

Wanasema ni kusogea mita 700 tu. Kuna ubaya gani?

Neno «tu» ni la mtu mwenye gari.

Tuchukue mfano. Njia inakwenda moja kwa moja kutoka nyumbani hadi shule, na reli inaikata katikati. Kivuko kimewekwa mita 700 kando. Mtoto atatembea mita 700 kando ya reli hadi kivuko, avuke, kisha arudi mita 700 upande wa pili ili aishike njia yake. Hiyo ni kilomita 1.4 zaidi asubuhi, na kilomita 1.4 nyingine jioni. Kwa siku ni kilomita 2.8, yaani zaidi ya nusu saa kwa mwendo wa mtu mzima, na mtoto wa darasa la pili ni zaidi ya hapo. Kwa siku 20 za masomo katika mwezi, ni kilomita 56 za ziada. Hakuna mhandisi anayeweza kutembea kilomita 56 kila mwezi bila kudai marupurupu.

Kisha kuna mambo yasiyopimwa kwa futi. Njia ya zamani ina kivuli. Ile ya kando ya ua haina, kwa sababu miti imekatwa kusafisha mahali pa ujenzi. Njia ya zamani inapita mbele ya nyumba za watu. Mpya inapita porini, na bara ya Lamu ina nyati na ina ndovu. Kwa mwanamke anayerudi sokoni magharibi, nyumba mbili za njiani zina thamani kubwa kuliko taa ambayo italetwa bajeti ikiruhusu. Pia kwetu hapa, ambako tumeshawahi kuishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku, nusu saa ya ziada inaweza kukukuta uko nje saa ambayo hutakiwi kuwa nje.

Kwa hiyo mkipinga, pingeni kwa hesabu. Pimeni njia ya sasa na njia mpya, mguu kwa mguu, na andikeni dakika za mzee, za mtoto na za mtu mwenye mzigo.

Kipi bora, daraja la kupita juu au kivuko cha chini?

Lamu jibu ni moja: cha chini, kipana, chenye mteremko usio na ngazi. Daraja la ngazi halipandwi na punda, wala mkokoteni, wala mama mwenye mtungi, wala mtu wa kiti cha magurudumu.

Ila kivuko cha chini kina ugonjwa wake, nao ni maji. Masika yakija, tundu lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi hugeuka birika. Katika mchoro tafuteni mtaro wa kutoa maji unaelekea wapi. Kama karavati la maji ya mvua na kivuko cha watu vimechorwa kuwa tundu moja, kataeni. Miezi ya mvua hamtakuwa na njia.

Na mifugo?

Kundi la ng'ombe halipiti mlango wa watu. Wafugaji waombe kivuko chao wenyewe, karibu na njia ya kwenda maji, na waseme idadi ya ng'ombe wanaopita kwa siku wakati wa kiangazi, kwa kuwa wakati wa mvua hawapiti na mpimaji atadhani hawapo.

Njia ya miguu ni ya nani kisheria?

Inategemea inapita kwenye ardhi ya nani, na hapa ndipo watu wengi hupotea.

Kama ni barabara au njia iliyowekwa chini ya sheria ya Bunge, Ibara ya 62 ya Katiba inaihesabu kuwa ardhi ya umma. Hiyo ni rahisi. Shida ni kwamba njia nyingi za miguu hazikuwekwa na sheria yoyote, ziliwekwa na miguu.

Kama inapita kwenye shamba la mtu mwenye hati miliki, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, inatambua haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi inasajiliwa kwa mara ya kwanza chini ya sheria hiyo, hata kama hazikuandikwa kwenye hati. Na Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, kifungu cha 32, inasema aliyetumia njia waziwazi, kwa amani na bila kukatizwa kwa miaka 20, akiitumia kama haki yake, anaweza kuipata haki hiyo kabisa.

Lakini sikilizeni hili: miaka hiyo 20 haifanyi kazi dhidi ya ardhi ya serikali, na sehemu kubwa ya bara ya Lamu ni ardhi ya serikali. Mtu akija barazani akawaambia «tumepita hapa tangu enzi za mababu, hawawezi kutugusa», anawapa usingizi. Mlango ulio wazi kwenu ni Sheria ya Ardhi ya 2012, kuanzia kifungu cha 143, inayozungumzia haki ya njia ya umma. Chini yake kaunti, chama au hata kikundi cha watu kinaweza kuiomba Tume ya Taifa ya Ardhi itangaze njia kuwa njia ya jamii. Njia ikishatangazwa hivyo haifutwi kwa kalamu ya mkandarasi.

Kwa ndugu zetu Waaweer wa Bargoni na vijiji vya ndani, kuna njia ya tatu: ardhi ya jamii, Ibara ya 63 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Anayekwenda msituni kurina asali hapiti kwenye shamba la mtu, na madai yake ni ya msitu mzima kama urithi wa jamii, si ya ujia mmoja.

Njia yetu haiko kwenye ramani yoyote. Tufanyeje?

Ichoreni nyinyi. Kama kuna jibu moja la kuchukua kwenye ukurasa huu mzima, ni hili. Mpimaji hufuata ramani aliyopewa, na kisichokuwa humo yeye hakioni, hata akikikanyaga.

Kazi haihitaji mtaalamu. Simu nyingi za sasa zina programu ya ramani inayoweza kurekodi mwendo wako. Iwashe mwanzo wa njia, tembea hadi mwisho, hifadhi. Piga picha kila panapopinda na kila penye alama: mbuyu, kisima, msikiti, makaburi, bikoni ya shamba. Andika upana wa njia kwa hatua. Andika wanaopita: wanafunzi, wakata mikoko, wavuvi wa diko fulani, wachukuzi wa punda. Andika majira pia. Wakati wa kaskazi wavuvi hupita asubuhi na jioni. Kusi ikipiga bahari ikawa mbaya, njia ile ile huota nyasi, na mpimaji akija mwezi huo ataandika kwamba haitumiki. Njia za malisho ni kinyume chake, huonekana kiangazi.

Halafu watafuteni wazee watatu au wanne waliokulia hapo, waeleze mbele ya wakili au hakimu, kwa hati ya kiapo, walianza kupita lini na ni nani aliyewahi kuwazuia. Wazee hawatusubiri. Hili lifanywe kabla ya mambo mengine yote.

Mkishamaliza, pelekeni nakala afisi ya kaunti ya mipango na ardhi hapo Mokowe, afisi ya Tume ya Taifa ya Ardhi, na kwa mwakilishi wa wadi. Kila mahali gongesheni muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Karatasi isiyo na muhuri ni hadithi.

Wakazi wa skimu ya Hindi-Magogoni wana kazi moja ya ziada: linganisheni njia mnazopita na zile zilizochorwa kwenye ramani ya skimu. Mara nyingi ramani ina barabara ambayo hakuna aliyeifungua, na watu wanapita pengine kabisa. Reli ikija, kivuko kitajengwa kwenye barabara ya karatasi.

Nani ana mamlaka ya kukubali njia ihamishwe? Chifu alisema ameshakubali kwa niaba yetu.

Chifu hana uwezo huo, wala mzee wa mtaa, wala mwakilishi wa wadi peke yake. Chifu huitisha mkutano na kupeleka habari. Njia hubadilishwa kwa hatua za kisheria, kila afisi na hatua yake: tathmini ya athari kwa mazingira mbele ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira), idhini ya mipango chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, na Tume ya Taifa ya Ardhi pale ardhi inapotwaliwa. Sheria ya mipango inamtaka anayeomba idhini aujulishe umma na kuukaribisha utoe pingamizi.

Tulisaini daftari la mahudhurio. Je, tumekubali?

Kusaini kwamba ulikuwapo ni kusaini kwamba ulikuwapo. Hata hivyo daftari hilo huishia kwenye kiambatisho cha ripoti, chini ya kichwa cha habari kinachosema jamii ilishirikishwa, na msomaji wa mbali huona majina mia mbili akaridhika. Juu ya ukurasa, kabla hujaweka jina, soma pameandikwa nini. Kama ni patupu, andika mwenyewe: «mahudhurio pekee». Na hakikisheni maneno yenu ya kupinga yameingia kwenye kumbukumbu za mkutano. Ombeni nakala, na mtu mmoja arekodi sauti waziwazi, si kwa kujificha.

Ripoti ni ya Kiingereza na ina kurasa nyingi mno. Tuna haki ya kudai kwa Kiswahili?

Mna haki ya kuomba habari kwa Kiswahili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na afisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikaa kimya, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kutafsiri ripoti nzima ni jambo jingine, nao watasita. Msipoteze nguvu huko. Ombeni vitu vitatu: mchoro wa mstari wa reli unaopita eneo lenu, orodha ya vivuko na mahali vilipo, na ukurasa unaotaja njia zitakazofungwa. Michoro haina lugha nyingi, fundi yeyote wa kijijini atawasomea.

Tutalipwa fidia njia ikihamishwa?

Mwenye ardhi inayotwaliwa analipwa. Ibara ya 40 ya Katiba inasema hivyo, na inaruhusu pia alipwe anayekaa kwa nia njema bila hati. Mpita njia ambaye amepoteza nusu saa kwa siku ni vigumu kulipwa. Kwake yeye kivuko kizuri ndicho fidia, kwa hiyo asikubali kunyamazishwa na mazungumzo ya pesa za jirani yake mwenye shamba.

Ninasema hivi kwa sababu barazani hutokea mgawanyiko. Wenye mashamba wanataka mradi uharakishwe walipwe, wasio na mashamba wanataka njia. Pande zote mbili zina haki. Wawekwe kwenye barua mbili.

Mahakama zimewahi kuwasikiliza watu wa Lamu, au tunajisumbua?

Zimewasikiliza, zaidi ya mara moja.

Wavuvi na wakazi walifungua kesi ya bandari mwaka 2012, ile inayojulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba umma haukushirikishwa inavyotakiwa, na kwamba haki za kupata habari, za mazingira safi na za utamaduni zilivunjwa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kumbukeni hakuna mvuvi mwenye hati miliki ya bahari. Walichokuwa nacho ni matumizi: baba alivua pale, na babu. Mtu wa njia ya miguu ana hoja ya ukoo huo huo.

Ya pili ni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, kilichokuwa kijengwe Kwasasi. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni iliyotolewa na NEMA, na sababu kubwa ilikuwa ile ile, watu hawakuhusishwa vya kutosha.

Lakini tazameni tarehe. Kesi ya bandari ilichukua miaka sita kupata hukumu, na wakati hukumu inasomwa ujenzi ulikuwa ukiendelea. Mahakama ni mlango wa mwisho. Ukitaka kupinga leseni ya NEMA kwenye Jopo, una siku 60, na siku hizo hazingoji mkutano wa kijiji.

Njia imeshafungwa na mkandarasi, ujenzi unaendelea. Tuanzie wapi?

Anzeni na njia ya muda. Watu wengi hukimbilia vita vya kivuko cha kudumu na kusahau kwamba ujenzi wenyewe unaweza kuchukua miaka, na watoto wanakwenda shule kesho. Mwendeeni afisa wa mkandarasi wa mahusiano na jamii pamoja na mhandisi msimamizi, mdai upenyo uliowekwa alama na mtu wa kuongoza magari saa za shule. Ombi la namna hiyo hukubaliwa haraka kuliko mnavyodhani, kwa sababu halina gharama kubwa na linawaepusha na ajali.

Sambamba na hilo, pelekeni malalamiko ya maandishi NEMA, kaunti na Tume ya Ardhi, yenye picha za kabla na baada. Wasipochukua hatua, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ndipo mahali penu.

Kwani tukikata ua tukapita kama kawaida?

Msifanye. Kuingia kwenye eneo la reli bila ruhusa ni kosa, na treni haina breki ya huruma. Isitoshe, tundu moja kwenye ua litapigwa picha na kuoneshwa kwamba jamii ni ya wahalifu, na hoja yenu yote itazikwa hapo.

Lakini mhandisi naye ajue: watu hukata ua mahali ambapo njia yao ilikuwa. Kivuko kikiwekwa mbali mno, kile kinachoitwa usalama kinakuwa hatari mpya.

Wenzetu nchi nyingine hufanyaje?

Uingereza ni mfano wa kutazama, kwa kuwa sheria zetu nyingi za ardhi zina asili ya huko. Tangu sheria ya mwaka 1949, mabaraza ya kaunti nchini humo hutakiwa kuweka ramani rasmi ya njia za miguu za umma, na njia iliyomo humo inalindwa hata kama inapita katikati ya shamba la tajiri. Sheria yao ya barabara ya 1980 ina vifungu maalumu vya njia za miguu zinazokatwa na reli: kimoja cha kuifunga, kingine cha kuihamisha. Lazima tangazo libandikwe, watu wapewe si chini ya siku 28 kupinga, na pingamizi lisipoondolewa, waziri ndiye huamua baada ya uchunguzi au kusikiliza pande zote. Mtembeaji mmoja tu akipinga anaweza kuulazimisha uchunguzi huo ufanyike.

Huko pia hawakufika hapo bila msiba. Tarehe 3 Desemba 2005 wasichana wawili waligongwa na treni kwenye kivuko cha miguu cha stesheni ya Elsenham, na baadaye kampuni ya reli ilikiri makosa ya usalama ikatozwa faini ya pauni milioni moja. Tangu hapo msukumo wa kufunga vivuko vya wazi umekuwa mkubwa, na ubishi na wanavijiji haujaisha. Kwa hiyo si kila kuhamisha njia ni dhuluma. Tofauti ni kwamba kule anayehamisha ndiye anayetakiwa kueleza sababu.

Tukilalamika hatutaonekana tunapinga maendeleo?

Mtaonekana hivyo na baadhi ya watu. Hakuna barua ya kuzuia hilo. Andikeni mwanzoni kabisa kwamba hampingi reli, mnaomba kivuko, kisha msirudie tena; kujitetea kila aya kunachosha msomaji na kunatia shaka.

Tuoneshe barua inavyoandikwa.

Fupi, ukurasa mmoja, madai yaliyohesabiwa. Jazeni nafasi kwa mambo yenu:

«Sisi wakazi wa kijiji cha ______ tunaotumia njia ya miguu kutoka ______ hadi ______, yenye urefu wa ______, tunaandika kuhusu reli inayopangwa kuikata njia hiyo mahali paitwapo ______. Hatupingi reli. Njia hii hutumiwa kila siku na wanafunzi, wavuvi na wachukuzi wa punda, na imetumika tangu mwaka ______ kama viapo vilivyoambatishwa vinavyoeleza. Kivuko kilichopendekezwa kiko mita ______ kutoka kwenye njia, na kitaongeza dakika ______ kwa mtoto kwa siku. Tunaomba: (1) kivuko cha chini kisicho na ngazi mahali njia ilipo au si zaidi ya mita ______ kutoka hapo, (2) upana wa kutosha punda wawili wenye mizigo kupishana, (3) mtaro wa maji ulio mbali na kivuko, (4) njia ya muda wakati wote wa ujenzi. Tunaomba pia, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nakala ya mchoro wa vivuko vyote vya eneo letu ndani ya siku 21.»

Chini yake majina, nambari za vitambulisho na sahihi au alama za dole gumba. Nakala ziwe nne: kaunti, NEMA, Tume ya Taifa ya Ardhi, na ya kwenu yenye muhuri. Hiyo ya nne akae nayo mtu asiyehamahama.